Kesi ya nyani isipelekwe kwa ngedere

Wahenga walituasa kwamba kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Methali hii tumeizoea mno, mpaka siku hizi tunaitamka kama mzaha wa vijiweni. Leo naomba tuichukue kwa uzito wake, kwa sababu kuna jimbo moja huko Marekani ambako methali hiyo, ijapokuwa hakuna aliyeitaja kwa Kiswahili, ilifika mbele ya majaji tisa wa mahakama ya juu kabisa ya nchi, ikajadiliwa na mawakili wa gharama kubwa, na mwishowe ikashinda kwa kura tano dhidi ya nne.

Jaji aliyekuwa kiini cha mjadala huo anaitwa Brent Benjamin. Alikaa katika mahakama ya juu ya jimbo la West Virginia kwa miaka 12, tangu mwanzo wa 2005 hadi mwisho wa 2016. Najua msomaji aliyeko Rusumo au Kagitumba, mwenye mzigo unaosubiri muhuri, ataniuliza West Virginia inamhusu nini. Vilevile yule aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini, akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Naomba wavumilie kidogo. Hawa wawili ndio hasa ninaowaandikia, maana watu wanaovuka mipaka huwa hawana mjomba katika kila mahakama.

Kwanza tuelewe utaratibu wa wenzetu. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina mahakama zake pamoja na mahakama yake ya juu. Katika majimbo mengi, wananchi hupiga kura ya kumweka jaji au ya kumbakiza kitini. Mahakama ya juu ya West Virginia ina majaji watano, na kila mmoja huchaguliwa kwa kipindi cha miaka 12. Wakati tunaouzungumzia, majaji hao waligombea kwa tiketi za vyama, kama wabunge. Walikuwa na mabango, matangazo ya televisheni na wafadhili.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe, maana mfanyabiashara ataufahamu haraka. Bwana Hugh Caperton alikuwa na kampuni ndogo ya makaa ya mawe iliyoitwa Harman. Makaa yake yalikuwa ya daraja la juu, yale yanayotumika kutengenezea chuma, na alikuwa na mkataba wa muda mrefu na mnunuzi mkubwa. Mwaka 1997 kampuni ya Massey, iliyoongozwa na tajiri Don Blankenship, ilimnunua yule mnunuzi. Mara oda za Harman zikakatwa kwa madai ya dharura isiyozuilika. Mwaka 1998 Harman ikafilisika. Massey ikanunua pia ardhi yenye makaa iliyouzunguka mgodi wa Harman, ili asitokee mtu mwingine wa kuutamani.

Nani kati yetu hajawahi kuona jambo la namna hii? Una mteja mmoja unayemtegemea ng'ambo ya mpaka. Tajiri anamnunua mteja wako, kisha anakuambia mzigo wako hautakiwi tena. Unabaki na magunia ghalani na deni benki.

Caperton alikwenda mahakamani. Agosti 2002 juri ya raia wa kawaida ilisema Massey imemdhulumu, na ikaamuru alipwe fidia ya dola milioni 50. Kila mtu alijua kwamba Massey itakata rufaa, na kwamba rufaa hiyo itafika kwa wale majaji watano.

Hapo ndipo palipo na fundo la hadithi. Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Jaji mmojawapo, Warren McGraw, alikuwa anatetea kiti chake. Aliyejitokeza kupambana naye ni Brent Benjamin, wakili wa mjini Charleston ambaye hakuwa amewahi kuwa jaji. Blankenship akafungua mfuko. Kwenye kampeni yenyewe ya Benjamin alichangia dola 1,000 tu, kiwango kilichoruhusiwa na sheria. Lakini karibu dola milioni 2.5 alizipeleka kwa kikundi kilichojiita kwa jina lenye maana ya "Kwa Ajili ya Watoto", na zaidi ya dola 500,000 akazitumia mwenyewe kwa matangazo na barua za kuomba michango. Jumla ni dola milioni 3, na zilikuwa nyingi kuliko fedha zote za wafuasi wengine wa Benjamin zikiwekwa pamoja.

Msomaji azingatie jina la kikundi hicho. Matangazo yake hayakutaja makaa ya mawe wala Massey wala dola milioni 50. Yalimshambulia McGraw kwa madai kwamba amewalegezea kamba wanaodhuru watoto. Mzazi aliyekuwa anatazama televisheni jioni alidhani anapiga kura kumlinda mwanawe. Benjamin alishinda kwa asilimia 53 hivi dhidi ya 47, akaapishwa.

Caperton hakusubiri. Oktoba 2005, kabla rufaa haijawasilishwa, aliomba kwa maandishi Jaji Benjamin ajitoe katika kesi hiyo. Jaji akakataa. Novemba 2007 mahakama ilitoa uamuzi: ile fidia ya dola milioni 50 ikafutwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mmoja wa wale watatu alikuwa Benjamin.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi. Zikajitokeza picha za jaji mwingine wa mahakama hiyo hiyo, Elliott Maynard, akiwa mapumzikoni na Blankenship katika pwani ya kusini mwa Ufaransa. Maynard naye alikuwa miongoni mwa wale watatu. Kesi ikabidi isikilizwe upya. Maynard akajitoa. Jaji Larry Starcher, aliyekuwa amemsema vibaya Blankenship hadharani, naye akajitoa, na akamshauri Benjamin afanye vivyo hivyo. Benjamin hakutoka. Aliombwa mara tatu, na mara tatu alikataa. Na kwa kuwa alikuwa anakaimu ujaji mkuu katika kesi hiyo, yeye ndiye aliyeteua majaji wa kujaza nafasi za waliojitoa. Aprili 2008 matokeo yakawa yale yale: tatu kwa mbili, Massey imeshinda.

Ni haki nimtendee Jaji Benjamin uadilifu ule ule ninaoudai kwake. Hakuna aliyethibitisha kwamba alipokea hata senti moja mfukoni mwake. Hakuna aliyethibitisha kuwepo kwa makubaliano ya siri. Yeye mwenyewe aliandika kwamba fedha zile hazikuwa mikononi mwake, na kwamba katika kesi nyingine aliwahi kupiga kura dhidi ya Massey. Huenda moyoni mwake alikuwa safi kabisa. Lakini mdai hawezi kuingia moyoni mwa jaji akapekua. Anachoweza kuona ni nani alimpandisha jaji kitini na nani amesimama mbele ya kiti hicho.

Tarehe 8 Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo hivyo. Jaji Anthony Kennedy, akiandika kwa niaba ya wenzake wanne, alieleza kwamba mahakama haikuwa na haja ya kuamua kama Benjamin alipendelea kweli. Ilitosha kwamba mtu mwenye kesi inayokuja alikuwa na mchango mkubwa kupita kiasi katika kumweka jaji wa kesi hiyo. Hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno kuvumiliwa na katiba. Benjamin alipaswa kukaa kando. Siku uamuzi huo unatolewa, yeye ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wa West Virginia.

Wengi wanaoisimulia kesi hii huishia hapo, kwa sababu mwisho huo unapendeza. Mimi naendelea, kwa kuwa somo kubwa liko mbele. Kesi ilirudishwa West Virginia, ikasikilizwa tena bila Benjamin. Novemba 2009 majaji wakaamua kwa kura nne dhidi ya moja kwamba Massey imeshinda, kwa hoja kwamba mkataba ulitaka kesi ifunguliwe jimbo jirani la Virginia. Yaani hata ngedere alipoondolewa, nyani alishinda palepale.

Kuna watakaocheka na kusema basi, Benjamin alikuwa sahihi tangu mwanzo, kelele zote zilikuwa za bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Ikiwa sheria ilikuwa upande wa Massey kwa uwazi kiasi hicho, basi majaji wengine wangeliona hilo mwaka 2007 bila msaada wa Benjamin, na Caperton angeondoka ameshindwa lakini ametendewa haki. Kwa kung'ang'ania kiti, jaji yule aliinyima mahakama yake kitu ambacho hakuna hukumu inayoweza kukinunua baadaye, nacho ni imani ya aliyeshindwa.

Jambo hili ninalijua kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na ndugu yangu katika kesi ya kiwanja, kwenye mahakama moja ambayo sitaitaja. Asubuhi ya siku ya pili tulimwona hakimu akishuka katika gari la mpinzani wetu. Mvua ilikuwa inanyesha, na inawezekana kabisa kwamba alisaidiwa njiani tu. Tulishindwa. Wakili wetu alitueleza wazi kwamba hati zetu zilikuwa na kasoro. Lakini mpaka leo, ukoo ukikutana, hakuna anayezungumzia hati. Wote wanazungumzia lile gari.

Aliyeshindwa kwa haki akiamini kwamba amedhulumiwa, ni kama amedhulumiwa kweli. Harudi mahakamani tena. Anatafuta mkubwa wa kumpigia simu, au anatafuta panga. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali panga linafanya nini pale ambapo watu wameacha kuamini haki.

Sasa turudi nyumbani. Mtu atasema kwetu majaji hawapigiwi kura, kwa hiyo ugonjwa wa West Virginia hautuhusu. Hapo nasema pole pole. Kwanza, hapa Rwanda tuliwahi kuwapigia kura waamuzi, tena kwa wingi ambao Marekani haijawahi kuuona kijijini. Oktoba 2001 wananchi waliwachagua inyangamugayo zaidi ya 250,000 wa mahakama za Gacaca. Hawakulipwa mshahara. Na sheria ya mwaka 2004 iliyoongoza mahakama hizo ilimtaka mwamuzi asishiriki katika kesi ya jamaa yake, wala ya mtu ambaye wana uadui au urafiki mkubwa.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mkulima aliyekaa kwenye nyasi bila mshahara aliambiwa na sheria kwamba urafiki peke yake unatosha kumwondoa katika kesi. Mwanasheria wa Charleston, mwenye joho na ofisi, aliona kwamba dola milioni 3 hazitoshi. Sisemi Gacaca haikuwa na dosari. Wapo waamuzi waliotolewa kwa sababu wao wenyewe walituhumiwa, na wapo walioshitakiwa kwa kula rushwa. Mahakama hizo zilifungwa rasmi Juni 2012 na mjadala juu yake haujesha. Ninachosema ni kwamba kanuni ya kukaa kando hatukuazima Ulaya wala Marekani. Tunayo, tumeitumia chini ya mti.

Pili, jaji asiyepigiwa kura naye ana aliyempandisha. Yupo aliyependekeza jina lake, yupo aliyelipitisha, yupo atakayeamua kama anapandishwa cheo au anahamishiwa mbali. Deni la fadhila halitoki kwenye sanduku la kura peke yake. Majirani zetu Wakenya wanalifahamu hilo. Oktoba 2003 majaji 23 wa Mahakama Kuu na ya Rufaa walisimamishwa kwa mpigo mmoja kwa tuhuma za rushwa na mwenendo mbaya. Kisha, baada ya katiba mpya ya 2010, waliokuwa wanaomba ujaji mkuu walihojiwa hadharani mwaka 2011 huku wananchi wakitazama kwenye televisheni. Si dawa ya kila kitu, lakini angalau raia alisikia kwa masikio yake jaji akiulizwa anadaiwa nini na nani.

Wanaopinga hoja yangu wana neno moja lenye uzito, na sitalikwepa. Kule Marekani, Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa wale wanne walioshindwa, aliorodhesha maswali 40. Mchango wa kiasi gani ni mkubwa kupita kiasi? Je, urafiki wa zamani unahesabiwa? Hofu yake ilikuwa kwamba kila mwenye kesi mbaya atamkataa jaji ili kuvuta muda. Hofu hiyo ni ya kweli. Huku kwetu pia tunawajua watu wanaomkataa hakimu leo, kesho wanaugua, kesho kutwa wakili wao amesafiri, na shamba la mjane linaendelea kulimwa na wengine.

Lakini jibu la hofu hiyo si kumwachia jaji ajiamulie mwenyewe. Jibu ni kuweka wengine waamue, tena haraka. Benjamin aliombwa mara tatu ajitoe, na mara zote tatu aliyekaa kusikiliza ombi hilo ni Benjamin. Hapo ndipo ngedere alipojipatia kesi yake. Ombi la kumkataa jaji lisikilizwe na majaji wenzake bila yeye kuwepo, litolewe uamuzi ndani ya siku chache zinazojulikana, na anayelileta kwa hila alipe gharama. Hapo mwenye hoja atasikilizwa na mwenye ujanja ataumia mfukoni.

La pili ni kuhusu zawadi na mali. Majaji wetu hutakiwa kutangaza mali zao kwa Ofisi ya Umuvunyi, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mdai wa kawaida haioni fomu hiyo. Sidai namba ya akaunti ya mtu ibandikwe ukutani. Nadai kwamba kama jaji ana hisa, deni au ubia na mmoja wa watu waliosimama mbele yake, lisemwe siku ya kwanza ya kesi kwa sauti, na liandikwe kwenye kumbukumbu.

La tatu linawahusu wasomaji wangu wenyewe. Haki ya kumkataa hakimu mwenye masilahi imo katika sheria za mwenendo wa kesi za nchi zetu, lakini wengi huikumbuka baada ya hukumu, wakiwa nje ya geti. Anayeshuku, aseme mapema na kwa maandishi, akiwa na sababu ya kueleweka na si uvumi wa sokoni. Na wafanyabiashara wakumbuke kwamba tangu Rwanda na Burundi ziingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mlango wa Arusha uko wazi. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka malalamiko Mahakama ya Afrika Mashariki dhidi ya sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba, ila awahi ndani ya miezi miwili. Majaji wa kule hukaa kipindi kisichozidi miaka saba na hawarudii, hivyo hawana sababu ya kumnyenyekea mtu ili waongezewe muda. Si mahakama ya kudai deni la jirani, lakini mzigo wako ukizuiwa kinyume cha Mkataba, unajua pa kugonga.

Nimalizie habari ya jaji wetu. Aprili 5, 2010, mgodi wa Massey uitwao Upper Big Branch ulilipuka na kuua wachimbaji 29. Aprili 2016 Blankenship alihukumiwa mwaka mmoja jela kwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama migodini. Mwezi uliofuata, wananchi wa West Virginia walipiga kura ya kuchagua jaji, safari hii bila tiketi za vyama, maana sheria ilikuwa imebadilishwa. Benjamin aliomba miaka 12 mingine. Alitoka wa nne kati ya wagombea watano.

Na kiti hakikutakata kwa kuondoka kwake. Mwaka 2018 bunge la jimbo lilipiga kura ya kuwashitaki majaji wote wanne waliokuwa wamebaki mahakamani, baada ya kufichuka matumizi ya anasa, ikiwemo kochi la dola 32,000 ofisini kwa Jaji Allen Loughry. Huyo Loughry aliwahi kuandika kitabu kizima kuhusu rushwa katika siasa za West Virginia. Alikutwa na hatia katika mahakama ya shirikisho na kufungwa. Kumbadilisha mtu bila kubadilisha utaratibu ni kubadilisha mshonaji huku kitambaa ni kile kile kilichooza.

Kwa hiyo nawaomba wale wanaotunga sheria na kanuni za mahakama zetu wasisubiri kashfa ya dola milioni 3 ndipo wachukue kalamu. Mama aliyerudi kutoka kambini na kijana anayevusha mahindi mpakani hawana fedha za kumpandisha jaji kitini, wala hawaombi hukumu ya kuwapendelea. Wanachoomba ni kwamba siku watakaposhindwa, waweze kurudi nyumbani na kuwaambia watoto wao kwamba walisikilizwa na mtu asiyedaiwa na mpinzani wao. Hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji kanuni ya kurasa mbili, na majaji wenye uthabiti wa kuinuka kitini kwa hiari yao kabla hawajaombwa.